Ngazi ya vipandio kumi: namna ya kumfuata mtoto toka la saba hadi Exetat

Bulteni ya sekondari ya kwetu, yaani ripoti ya alama, ina nafasi ya kila kitu: hisabati, Kifaransa, jiografia, mazoezi ya mwili, hata ile mistari miwili ya chini, bidii na mwenendo. Mtoto mwenyewe anaendeleaje, hapo hakuna mstari. Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Lubumbashi, Kongo (RDC), upande wa Katuba, na kwa miaka mingi nimekuwa titulere, yule mwalimu mwenye darasa anayejaza bulteni na kupokea wazazi siku ya kuzitoa. Mzazi akifika mezani kwangu anatazama asilimia kwanza. Ikiwa 62, anatabasamu. Ikiwa 48, anamgeukia mtoto kwa macho yale tunayoyajua. Kisha wanaenda zao, na mara nyingi ni yule wa 62 ninayebaki nikimuwaza.

Nataka kueleza namna ya kuuongeza huo mstari wewe mwenyewe, nyumbani, kwa daftari la kawaida. Nawafundisha wazazi wa darasa langu na natumia kwa wanangu. Kazi yenyewe ni ndogo ila lazima irudiwe, kwa sababu katika miaka hii sita (la saba na la nane, kisha la kwanza hadi la nne la humanite, mpaka Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari) hali ya mtoto inateremka kidogo kidogo, na anayelala naye nyumba moja ndiye anayechelewa kuona.

Kuchora na kuuliza

Chora ngazi ijaze ukurasa, yenye vipandio kumi. Chini kabisa andika 0, juu kabisa 10. Umwambie mtoto: huku juu, kumi, ni maisha mazuri kuliko yote unayoweza kuyawaza kwako wewe, huku chini, sifuri, ni mabaya kuliko yote. Siku hizi umesimama wapi? Anaweka kidole, unaandika tarehe na namba.

Swali hili alilitoa mwanasaikolojia wa Marekani, Hadley Cantril, mwaka 1965. Mpaka leo wanaulizwa watoto wa miaka 11, 13 na 15 katika uchunguzi mkubwa unaofanyika kila baada ya miaka minne Ulaya na Kanada, kwa ushirikiano na OMS, Shirika la Afya Duniani. Huko jambo moja linarudi: toka miaka 11 kwenda 15 namba inashuka, na kwa wasichana inashuka zaidi. Watoto wa mitaa yetu, Katuba na Ruashi, hawakuulizwa, kwa hiyo wetu siwapimi kwa namba za kule. Nimechukua swali tu, maana hata mtoto asiyependa maneno anaweza kuweka kidole.

Uliza mara nne kwa mwaka, kila peryodi, yaani robo ya mwaka wa shule, inapoisha. Siku ya bulteni uiache, siku hiyo atakujibu asilimia zake. Tangulia kwa siku tatu au nne.

Usimkalishe sebuleni baba kwenye kiti na mama pembeni, kama baraza la familia. Muulize mikono ikiwa kazini: mnachambua matembele, mnaosha vyombo, mnarudi kanisani kwa miguu. Mtoto wa miaka kumi na tano anasema mengi zaidi akiwa hatazamwi usoni. Na kama wewe baba unajua kwamba ukiingia nyumba inanyamaza, mwachie mwingine swali hilo. Kwetu kuna mambo ambayo mtoto humwambia bibi, tantini (shangazi), au yaya (ndugu) wake mkubwa, na hakuna aibu kupitia hapo.

Akisema namba, usishtuke na usibishane. “Nne? Mtoto anayekula mara mbili kwa siku, nne?” Ukisema hivyo umefunga daftari, peryodi ijayo atakupa nane ya kukutuliza. Uliza mambo mawili tu. La kwanza: nini kinakushikilia hapo, mbona hukusema mbili? Wazazi wengi hukimbilia kuuliza mbona si tisa, na mtoto anasikia lawama. Ukiuliza kinachomshikilia, atakutajia rafiki, mwalimu fulani, kwaya, mdogo wake, na hayo ndiyo mambo ya kulinda kwanza usije ukayakata kwa adhabu. La pili: nini kingekupandisha kipandio kimoja? Kimoja tu. Majibu huwa madogo kuliko tunavyoogopa. Viatu. Kutoitwa jina fulani mbele ya wageni. Kulala peke yake badala ya kulala na wadogo watatu. Andika maneno yake jinsi alivyoyasema.

Daftari hilo halisomwi na wengine. Siku litakapotajwa kwenye maneno ya jikoni mtoto akasikia, limekufa.

Kusoma namba

Namba peke yake haisemi mengi. Kuna watoto wa sita, wameanza na sita la saba na wanamaliza na sita, na ni watu wazima wazuri tu. Tazama mwendo. Aliyekuwa nane mwezi wa kumi na mbili akawa tano kabla ya Pasaka, hapo simama, hata kama bulteni inasema 70. Mimi nikiona kushuka kwa vipandio viwili au zaidi naenda kwenye maswali matano ya OMS, yaliyotolewa mwaka 1998. Nayaeleza kwa maneno yangu. Wiki mbili hizi zilizopita, ni mara ngapi:

- umejisikia mwenye furaha na moyo mwepesi;
- umejisikia umetulia, bila presha;
- umekuwa na nguvu za kufanya mambo;
- umeamka asubuhi umepumzika kweli;
- siku zako zimekuwa na mambo yanayokupendeza.

Kila swali lina pointi toka 0, yaani hata mara moja, hadi 5, yaani wakati wote. Jumlisha. Juu kabisa ni 25. Akiwa chini ya 13, mpeleke aonwe na mtu wa afya. Hesabu hii haisemi mtoto ana ugonjwa gani. Inasema tu kwamba kungoja kumekwisha.

Kwanza mwili

Kabla ya kutaja roho, uvivu au uchumba, tazama mwili. Nasema hivi kama mwalimu wa biolojia, na nimesema mpaka wenzangu wananicheka. Mtoto anayesinzia kila asubuhi, pima malaria. Msichana aliyekwisha kuanza hedhi, midomo imepauka, anahema akipanda ngazi za shule, pima damu. Anapoteza chuma kila mwezi na chakula chetu cha bukari (ugali) na majani hakimrudishii cha kutosha. Mtoto aliyekuwa wa mbele akaanza kuhama viti vya nyuma na kuandika ovyo, mpime macho. Watoto wengine hutoka kwa daktari wa macho na miwani, na peryodi inayofuata ngazi imepanda yenyewe.

Halafu usingizi. Hapa nitakaa kidogo. Kuanzia balehe, melatonini, homoni inayoleta usingizi, inaanza kupanda usiku ikiwa imechelewa, kwa wengine hata kwa saa mbili kuliko walipokuwa wadogo. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa analala saa mbili usiku bila kulazimishwa, sasa saa nne macho bado makavu. Si kiburi. Wakati huohuo mwili wake bado unadai saa 8 hadi 10 za usingizi, na darasa linaanza saa moja na nusu, na taxi-bus inataka umeshaondoka kabla ya hapo. Ongeza umeme wetu. Katika mitaa mingi unakatika jioni na kurudi saa sita usiku, na ukirudi nyumba nzima inaamka: pasi, simu za kuchaji, pampu ya maji, redio. Ni nani anayenyoosha nguo za wote saa hiyo? Mara nyingi msichana wa miaka kumi na sita ambaye kesho yake ana kemia saa ya kwanza.

Huwezi kumwamuru umeme. Unaweza kupanga zamu: leo yeye, kesho kaka yake, keshokutwa baba, ndiyo, baba. Unaweza kumwachia Jumamosi alale mpaka ashibe kabla ya kumwita kufua. Unaweza kuzikusanya simu zote, na yako pia, kwenye chumba chenu kabla ya kulala. Kama shule ina zamu mbili na mtoto wako yuko ya mchana, usimwamshe alfajiri kwa desturi tu.

Mwaka kwa mwaka

La saba na la nane, miaka kumi na miwili hadi kumi na minne, ni miaka ya mwili kubadilika na rafiki kuwa sheria. Namba huyumba sana, wiki hii nane, wiki nyingine tano, na nyingi zinarudi zenyewe. Kazi yako ni maelezo: hedhi, ndoto za usiku, sauti, chunusi, yasemwe nyumbani kabla hayajasemwa uani kwa jirani. Weka vitambaa safi au pedi mahali ambapo msichana atachukua bila kuomba. Msichana anayekosa shule siku tatu kila mwezi anapoteza masomo na rafiki kwa pamoja.

Simu nayo, kwa kuwa wazazi wananiuliza. Uchunguzi wa Uingereza uliotoka mwaka 2022 uliona kwamba watoto waliozidi kutumia mitandao katika umri fulani ndio walioridhika kidogo na maisha mwaka uliofuata: kwa wasichana miaka 11 hadi 13, kwa wavulana 14 na 15. Mimi natoa ushauri mmoja tu hapo: simu yenye mega (intaneti) zake mwenyewe isije kabla ya humanite.

Mwisho wa la nane kuna TENASOSP, mtihani wa taifa, na kuchagua opsyo, yaani mkondo wa masomo. Mji huu baba anataka sayansi au electricité ili mtoto aingie kampuni ya migodi, mama anataka commerciale, mtoto anataka kushona au kufundisha na hasemi. Chora ngazi mbili siku hiyo: wewe ungesimama wapi ukiwa sayansi, wapi ukiwa pedagogia? Huna haja ya kutii namba zake. Lakini ukimpeleka pengine, ujue umempeleka akiwa kwenye kipandio gani.

Humanite ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi mimi. La nane lina mtihani wa taifa, la nne lina Exetat, la pili halina kitu. Wazazi wanapumua. Miguu inapungua kwenye mikutano ya shule. Na mtoto ana miaka 15 au 16, mapenzi yamemfika au yamempita, marafiki wa la saba wametawanyika katika opsyo nyingine, masomo yamekuwa magumu na sababu ya kuyasoma bado iko mbali. Katika madaftari ninayoonyeshwa, hapa ndipo kidole kinapoteremka chini zaidi.

Wasichana wanashuka kimya. Anafanya kazi zote, anapata alama zake, anajibu “niko muzuri”, na jioni analia bafuni. Huyo ndiye 62 niliyemtaja. Mara nyingi ndio mwaka anapogeuka kuwa mama mdogo wa nyumba: maji ya forage (kisima cha kuchimbwa) alfajiri, makala (makaa), wadogo, sufuria. Mpunguzie kazi mbili, uzitaje kwa majina, umpe kaka yake hizo. Na uliza kwa upole makuta (pesa) ya simu mpya yametoka wapi. Yuko mtu mzima mahali fulani anayemsikiliza kuliko wewe.

Wavulana wanashuka kwa kelele. Hasira, kuchelewa, kugombana na perefe (mkuu wa shule), harufu ya lutuku (gongo) au ya vile vichupa vidogo vya pombe kali. Kisha kuna rafiki aliyekwenda machimbo upande wa Kolwezi akarudi na viatu vyeupe, au anayepitisha bidhaa mpakani Kasumbalesa na anamlipia bia mwalimu wake wa zamani. Mvulana anayekuambia shule haina faida, mpe dakika zako kabla ya kumpa kofi. Muulize ngazi ya leo, halafu ngazi anayoiona akiwa machimboni, halafu ya huyo rafiki baada ya miaka kumi. Mwache ajibu. Wengi hunyamaza kwenye swali la tatu.

Kwa wote wawili, la pili linataka vitu viwili. Saa moja kila siku ya mwili kuchoka, maana OMS inataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye wastani wa dakika 60 kwa siku: mpira, basketi, kutembea kwenda shule kama njia ni salama. Na mahali pamoja kwa wiki pasipotolewa alama, iwe kiro (chama cha vijana wa kanisa), skauti, kwaya au kikundi cha michezo ya kuigiza ya parokia. Mzazi anayemwadhibu mtoto kwa kumtoa kwaya kwa sababu ya 45 ya fizikia anamkata kamba aliyokuwa ameishika.

La tatu hutulia kidogo, kama familia haijahama na hakuna aliyekufa.

Minervali, yaani karo, hata hivyo haina mwaka. Shule ya msingi ya serikali ni bure toka Septemba 2019, sekondari tunalipa. Kuitwa majina mbele ya darasa na kurudishwa nyumbani kunashusha ngazi kwa siku moja kuliko mtihani wowote. Kama mwezi huu makuta hayapo, nenda kwa perefe kabla ya orodha kutoka, na sehemu ya malipo mkononi, muandikiane tarehe. Mtoto asiwe ndiye anayebeba deni mgongoni mpaka getini. Na mwambie ukweli wa mfuko wa nyumba; mtoto wa humanite akijua hali anavumilia, akidanganywa anahesabu kwamba hapendwi.

Mambo yasiyongoja peryodi

Akisema anataka kufa, au amegawa vitu vyake, au ameacha kula na kuoga, au haongei na yeyote kwa wiki mbili, ngazi iweke kando. Muulize wazi: unawaza kujiua? Kuuliza hakumpi wazo hilo. Kunampa ruhusa ya kulisema. Usimwache peke yake, ondoa dawa za panya, vidonge na kamba, na mwende siku hiyohiyo kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo wanaweza kukuelekeza hospitali ya Sendwe, au kituo cha neuropsychiatrie cha Joseph Guislain hapa mjini. Watu wanakwepa cha mwisho kwa kuogopa neno “wazimu”. Mtu akiwauliza mnakwenda wapi, semeni hospitali, yatosha.

Ombeni pia, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Ila mchungaji akisema mtoto afunge siku saba bila maji, au akianza kutaja bulozi, mchukue mwanao mkono mtoke. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu anayemshitaki mtoto uchawi, awe na kola au asiwe nayo.

La nne, na baada yake

Mwaka wa Exetat uliza kila mwezi. Disertasyo (insha) ya Kifaransa inakuja kwanza, nje ya sesyo, yaani kabla ya mtihani wenyewe, halafu zile siku nne za maswali ya kuchagua, na katikati kuna vikundi vya kukesha ambavyo baada ya saa sita usiku ni soga tupu. Mtoto ajifunze mchana na alale. Mfiche asilimia za mtoto wa jirani. Akiwa chini ya tano, usimwongezee mwalimu wa nyumbani wa tatu. Mrudishie lile saa la mpira.

Siku ya matokeo poda nyeupe ya kushangilia inaruka mitaa yote, aliyefaulu anabebwa, na yuko mmoja ndani ya chumba ambaye jina lake halikuonekana. Siku hiyo usiulize ngazi. Kaa karibu, funga mlango kwa wanaokuja kutoa pole za kuchungulia, ngoja wiki. Kisha uliza kama kawaida, na kwenye “nini kingekupandisha kimoja” mweleze njia zilizopo: kurudi darasani, au kujiandikisha kama otodidakti, mtahiniwa anayejisomea mwenyewe, kwa sesyo ijayo. Kwa njia hiyo ya otodidakti aanze kutafuta karatasi zake mapema shule zikifunguliwa Septemba, maana bulteni za miaka iliyopita ndizo zinazochelewesha wengi.

Na aliyefaulu muulize pia, mwezi wa kumi, poda imekwisha kuoshwa, marafiki wako chuoni, yeye yuko nyumbani anangoja makuta ya kujiandikisha. Umri huo namba hushuka tena, na hakuna titulere wa kuona.